Mizizi ya Kava ya Mjomba Apakuki

"Mjomba, wasipoigusa je?"

Niliuliza hivyo nikiwa darasa la tatu, nimekalia magunia nyuma ya gari la mizigo, tukielekea kijijini kwa kina Laisani. Mjomba Apakuki, kaka yake mama, alikuwa amepakata fungu la mizizi ya kava, ile ya kutengenezea kinywaji cha heshima, kama mtoto mgonjwa. Mama alinifinya.

Isoa, mtoto wa Mjomba, alikuwa amemtorosha Laisani. Sasa Laisani ana mimba, kila siku analia anamtaka mama yake, na kwao hawezi kukanyaga mpaka sisi tukaombe radhi. Wakiigusa mizizi yetu, yameisha. Wasipoigusa, ndiyo basi tena.

Tuliingia tumeinama. Mjomba, ambaye nyumbani ni mtu wa makelele, aliweka fungu mkekani akaomba msamaha kwa sauti ndogo, nikadhani ni mtu mwingine anayeongea.

Baba yake Laisani, Mzee Nacanieli, akalitazama fungu. Akatazama ukuta.

"Kumbe mlango wetu mnaujua," akasema shangazi yake Laisani. "Siku ile mlipita wapi? Dirishani?"

Watu wa kwao wakacheka. Sisi hata. Jasho la Mjomba likawa linadondoka mkekani, tone, tone, nami naogopa litaifikia mizizi waseme tumewaletea kitu kichafu. Mjomba hakujifuta.

"Apakuki," Mzee akasema hatimaye, "huyo mwanao kulima anajua?"

"Hajui, mzee wangu. Anajua kula."

Mama yake Laisani akaguna kicheko, halafu kicheko kikageuka kilio. Mzee akamwangalia mkewe kwa muda. Akasogea, akaweka mkono juu ya mizizi.

Makofi yakalia, yale mazito ya viganja vilivyokunjwa. Kava ikatwangwa, ikakamuliwa kwenye bakuli kubwa la mbao. Kifuu cha kunywea kilipomfikia Mjomba, alikimaliza kwa mkupuo mmoja.

Mtoto wa Laisani siku hizi anaenda shule. Mimi niko kidato cha nne. Juzi nilikuwa namsaidia Mjomba kupanda kava mlimani, nikamuuliza tena: je, wasingeigusa?

"Ningerudi kesho yake. Na kesho kutwa," akasema bila kuinua kichwa. "Shamba hili lote nilikuwa nimeling'oa. Yale magunia uliyokalia, ulidhani ni mihogo?"