Ngoma Niliamuru Mimi, Lawama Akabeba Monsenyeri

Ndugu zangu, mnitukane mkimaliza kusoma, siyo kabla. Kosa ni langu. Si la vita, si la shetani, wala si la "hali ya wakati ule" kama tunavyopenda kusema hapa Bukavu tukitaka kukwepa. Ni langu mimi, msomi mwenye diploma ukutani na tai shingoni!

Miaka ile ya vita nilikuwa mtu wa protokoli wa mkubwa mmoja wa Kanisa. Jina lake silitaji, sisi tulimwita Monsenyeri tu. Kazi yangu ilikuwa kumtangulia. Akitaka kutembelea watu mahali, mimi nafika kwanza, naangalia njia, nawaambia wenyeji wampokee vipi.

Alikuwa mgumu kumhudumia, kwa sababu hakupenda makuu. Umemwekea kiti chenye kitambaa, yeye huyo kwenye benchi na wazee, anataniana nao kwa Kimashi, lugha yao. Lakini Jumapili akisimama kuhubiri, alisema waziwazi kwamba wenye bunduki wanaua na wanaiba. Wakati ule kusema hivyo ilikuwa kujichimbia kaburi! Watu walitoka Kasha, pembezoni mwa mji, kwa miguu kuja kumsikia. Wakirudi nyumbani, walau kwa siku hiyo, walitembea bila kuinamisha kichwa. Ndicho kitu nilichokiua.

Nimezaliwa katika milima ya Mwenga, kwa wachimba dhahabu. Kijiji nitakificha, na mtaona kwa nini. Watoto wa kule walikuwa wamengoja kipaimara hadi wengine wameota ndevu, maana njia zilifungwa na hakuna mkubwa wa Kanisa aliyefika. Monsenyeri akaamua kwenda, hata kwa miguu pale gari lisipopita. Wenye silaha walikuwa msituni, juu kidogo ya kijiji, kila mtu alijua. Kwa hiyo aliniita ofisini kwake.

"Sikiya, mon fils, mwana yangu. Hakuna ngoma. Hakuna batu kujipanga kwa njia. Batoto bakuye kidogo kidogo kwa nyumba ya katekista, nibape kipaimara, nirudi. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Monsenyeri."

Nilielewa! Hilo ndilo linalonitesa mpaka leo. Mjinga angesamehewa.

Sasa sikilizeni upuuzi wangu. Kule kijijini walikuwa wakimcheka mama yangu. Walisema mtoto aliyeuziwa ng'ombe ili asome ameishia kubeba mabegi ya mapadri. Nilipofika, watu walijaa kwenye uwanja wetu, mama yangu katikati, amefunga kitenge kipya. Papa Katekista, mtu mpole ambaye ndiye aliyenifundisha Baba Yetu, akauliza mbele ya wote:

"Papa Protokoli, tutamupokea namna gani?"

Nikamwangalia mama. Nikawaangalia wale waliomcheka. Mdomo ukafunguka.

"Monsenyeri anataka ngoma," nikasema. "Ngoma toka asubuhi! Kila mutu ashuke mpaka kwa mto, mukubwa na mutoto. Huyu haiko padri wa kawaida anakuya!"

Vigelegele! Mama alizunguka uwanja akiwatazama wabaya wake usoni, mmoja baada ya mwingine. Nami kichwa kikavimba. Papa Katekista peke yake alisita.

"Na bale ba kule juu, ba musituni?"

Nilimjibu kwa Kifaransa, kirefu na kigumu, kwa sababu nilijua hakielewi. Watu wakacheka. Mzee wa watu akainamisha kichwa, akaenda kuwatafuta wapiga ngoma.

Siku yenyewe nilivaa suti, nikavuka mto kwenda kumlaki Monsenyeri njiani. Tulikuwa tunashuka mlima wa upande wa pili ngoma zilipotufikia. Akasimama.

"Ile ngoma iko ya nini?"

Hapo bado nilikuwa na nafasi. Ningekaripiwa tu, basi.

"Ni katekista, Monsenyeri. Nilimukataza, hakusikia."

Uongo mdogo wa kuepa kugombezwa! Nani hajausema? Monsenyeri alikunja uso, akashika kanzu yake mkononi na kuanza kukimbia. "Tubakataze, haraka!" Yeye mzee, mimi kijana, na akaniacha nyuma.

Kisha risasi. Ngoma moja ilibaki ikilia peke yake, halafu nayo ikakatika.

Tuliyoyakuta mtoni sitayaeleza yote. Watoto wa kipaimara walikuwa wamevaa mashati meupe. Papa Katekista alikuwa amelala juu ya wawili wao, amewakumbatia, na haikuwasaidia. Mama yangu alikuwa mbele kabisa, pale nilipompanga mimi mwenyewe ili Monsenyeri amsalimie wa kwanza.

Mnajua kilichofuata? Nilipewa pole! Watu waliopoteza watoto walikuja kunishika mkono, kwa kuwa nami nimefiwa. Nililia kwa sauti kubwa ili nisiulizwe neno.

Aliyeulizwa ni Monsenyeri. Makaburini mwanamke mmoja alimrukia, akamshika kanzu kifuani.

"Ni weye! Ulituma tukupigie ngoma sawa mufalme! Kunywa sasa, kunywa damu ya batoto!"

Monsenyeri alifungua mdomo. Akageuka upande wangu. Kisha akamwangalia mjane wa katekista, nimwite Maman Nsimire, aliyesimama na mtoto mgongoni, mwenyewe hana hata nguvu ya kulia.

"Ni miye," akasema. "Munisamehe."

Nilidhani sikusikia vizuri. Njiani kurudi akaniambia, bila kuniangalia: "Usimutaje katekista kwa mutu yeyote. Bakijua aliniasi, ule mujane atakaa na nani pale?"

Yaani aliuamini uongo wangu, na kwa sababu ya uongo wangu akachukua kosa la mtu asiyekuwa na kosa! Na mimi mwenye kosa nimekaa pembeni yake ndani ya gari, tai bado shingoni. Nikajibu, "Ndiyo, Monsenyeri." Siku hiyo ningekuwa mwanaume ningefungua mdomo, lakini nilikuwa suti tupu.

Habari ilifika mjini kabla yetu. Wenye bunduki waliotawala mji walishangilia, si walikuwa wakimtafuta siku nyingi? Sasa hawakuhitaji hata kumgusa. Redio yao ikamwita Mufalme wa Ngoma. Akihubiri juu ya damu iliyomwagika, vijana nje ya kanisa wanapiga ndoo, tim-tim-tim, na watu wanacheka huku wamefunika midomo. Wa Kasha wakaacha kuja. Benchi zikabaki wazi. Aliendelea kusema yaleyale, kwa sauti ileile, na hakuna aliyemsikiliza.

Mimi nilipandishwa cheo. Kwa padri niliungama hasira, pombe, hata kusinzia kwenye misa. Lile nililiruka.

Kila mwaka Monsenyeri alirudi kule kuwaombea wafu. Kila mwaka nilipata kisingizio: malaria, mkutano, kufiwa na shangazi ambaye hakuwahi kuzaliwa. Aliporudi sikumuuliza alipokelewaje, naye hakusema. Mwishowe ugonjwa ukampata. Nilimwuguza, nikamlisha uji, nikamgeuza kitandani. Mara nyingi tulibaki sisi wawili tu. Neno lilifika kooni, nikalimeza, nikijipa moyo kwamba mgonjwa hasumbuliwi. Uongo! Niliogopa macho yake. Akafa akiniita mwana.

Baada ya kuzikwa usingizi ulinihama. Nikaona afadhali niende kwa Maman Nsimire nimwambie kweli, nipumzike. Angalieni neno hilo: nipumzike.

Nilimkuta akianika mihogo. Nilipiga magoti, nikasema yote, toka ngoma hadi ule uongo wa mlimani. Nilitegemea kofi au panga. Nilikuwa tayari. Yeye alikaa chini taratibu.

"Hakuagiza ngoma?"

"Hakuagiza. Alizikataza."

"Na alifikiri ni bwana yangu alimuasi? Akanyamaza kwa ajili yangu miye?"

"Ndiyo, Maman."

Kuku walikuja wakala mihogo yake, hakuwafukuza.

"Kila mwaka alikuya hapa," akasema. "Anasimama pale inje. Muzee, amepanda mulima kwa miguu, anaomba maji ya kunywa. Nilikuwa nachota maji, namuonyesha, kisha namwaga chini mbele yake. Batoto yangu nao nilibafundisha kumutemea mate. Anasema tu, 'Aksanti, Maman.' Kila mwaka."

Nikaanza kulia. Akanikazia macho.

"Weye nyamaza! Unalia nini? Umeshusha muzigo yako, umeniweka miye kwa kichwa! Yeye alishakufa. Nitamuomba musamaha wapi? Nilikuwa na mutu mumoja wa kuchukia, nilikuwa nalala. Sasa nitalala namna gani?"

Akaniomba jambo moja: nisiwaambie mama wengine, kwa maana kila nyumba pale ilimfanyia lake, na wamekuwa wazee. Ndiyo maana nakificha kijiji.

Nasikia siku hizi Maman Nsimire hali chakula vizuri. Kila asubuhi anabeba maji hadi njiani, anakaa nayo mpaka jioni, anampa kila anayepita. Watu wanasema akili imemruka. Mimi ndiye niliyemfikisha hapo, kwa ukweli wangu niliouchelewesha.

Basi wewe unayesoma, kama kuna mtu anatukanwa kwa kosa lako, nenda leo, angali hai. Usingoje azikwe. Ukichelewa, usidanganyike kwamba unakwenda kutubu. Unakwenda kumwua mtu mwingine, nawe utarudi nyumbani mzima, kama mimi nilivyorudi.