Simama, Profesa

Kwenye kitabu cha kumuaga profesa wetu wa upasuaji, watu wameandika eti alikuwa mpole, mnyenyekevu, mwenye subira. Nani huyo? Mimi nimesimama naye mezani miaka ishirini na sita, muuguzi wa kumkabidhi visu na mikasi, na huyo mpole sijawahi kukutana naye hata kwenye korido.

Wanafunzi walimwita Mafundo. Mama yake alikuwa mshonaji wa nguo, yeye amekulia chini ya cherehani, na aliamini kwa dhati kwamba upasuaji ni kufunga uzi. "Kukata hata mchinjaji anakata," alikuwa akifoka. Kwa hiyo hakuna mwanafunzi aliyegusa mgonjwa kabla ya kufunga mafundo elfu moja. Walifunga kwenye miguu ya viti, kwenye vitasa vya milango, kwenye vikombe, mpaka kantini ya hospitali ikaonekana imevamiwa na buibui. Kisha mtihani: mikono ndani ya ndoo ya maji ya sabuni, macho umefumba, na yeye anakupigia kelele sikioni. Fundo likilegea, anza moja. Nyumbani nako ilikuwa hivyohivyo. Mkewe aliniambia kamba za aproni yake alizikuta zimefungwa mafundo thelathini. "Mwenzangu," akaniuliza, "hivi mimi nimeolewa na mume au na fundi cherehani?"

Alifundisha kama mtu anayefukuzwa. Asubuhi kupasua, mchana wodini, jioni darasani. Harusi ya binti yake wa kwanza aliingia amevaa suti ya maana na chini vile vifuko vya kufunikia viatu vya chumba cha upasuaji. Akampeleka binti mpaka mbele, chakwa chakwa, watu wanakufa kwa kicheko. Mkewe hakumsemesha wiki nzima, na sidhani kama yeye aligundua.

Lakini alikuwa na sheria moja iliyonifanya nimsamehe mengi. Mtu yeyote chumbani, hata anayepiga deki, akiona jambo haliko sawa anasema "simama," na mwenye kisu anainua mikono papo hapo. Maelezo baadaye. Alipokuwa kijana, bosi wake alisahau kitambaa tumboni mwa mgonjwa. Yeye alikiona, akaogopa kusema, na mgonjwa akafa baada ya wiki mbili. Kila darasa jipya aliwasimulia, na hapo tu ndipo sauti yake ilishuka. Mimi mwenyewe nimemsimamisha mara kadhaa. Mara moja kitambaa kilipungua, tukatafuta mpaka jasho likatutoka, kumbe amekikanyaga. Akasema asante, amekunja uso kama aliyemeza dawa chungu.

Alipofika miaka sitini na nne, mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka.

Niliona wa kwanza, maana vifaa vinapita kwangu. Mkasi ulipogusa kiganja changu ulicheza. Nikajiambia ni kahawa. Wiki iliyofuata nikajiambia ni uchovu. Mimi, ambaye mdomo wangu hauna breki, niliyewahi kumpa mkurugenzi za uso mbele ya wageni, nikajifanya hamnazo. Nikawa nampangia kesi nyepesi, nikiwaachia wadogo kazi ya kushona kila nilipoweza. Nilijua kabisa kwamba mkono ule ukikosea, mgonjwa ndiye atakayelipia mwilini mwake. Ila kila nikitaka kusema, namwona yule mtu bila kisu, maini yananikatika. Nilimpenda, ndiyo, kama kaka mkorofi. Miezi mitatu ikapita.

Kisha siku moja kesi nyepesi ziliniishia: mgonjwa alikuwa mama anayenadi nguo sokoni, ana tezi shingoni kubwa kama ngumi mbili. "Dokta," alisema kabla ya kulazwa usingizi, "hilo likate, lakini sauti niachie. Nikinyamaza mimi, soko limefungwa." Pembeni ya tezi hiyo unapita mshipa wa fahamu mwembamba mno, ndio unaoendesha sauti. Ukiuchana, basi.

Msaidizi alikuwa binti mwanafunzi ambaye Profesa alimbatiza Mnong'ono, kwa kuwa alizungumza kama anaogopa kuamsha mtoto. Tulifika kwenye ule mshipa. Ncha ya mkasi ikaanza kucheza juu yake. Daktari wa usingizi akatazama mashine zake kwa bidii ya ghafla. Mimi ulimi ukaniganda.

"Simama," akasema Mnong'ono.

Profesa akainua mikono. "Sababu?"

"Mkono wako unatetemeka, Profesa."

Akautazama chini ya taa kali. Ulikuwa unatetemeka waziwazi, hata kipofu angeona. Akazunguka meza, akasimama upande wa msaidizi, akashika koleo la kuvutia ngozi kwa mkono wa kushoto.

"Malizia wewe," akamwambia. "Na usiharakishe."

Binti akamaliza, polepole, bila kugusa kisichohusika. Yule mama alipozinduka aliomba maji, kisha akalalamika kwamba shuka zetu zimechakaa na yeye angetuuzia bora zaidi. Wodi nzima ilisikia.

Profesa alinifuata chumba cha kuoshea vifaa.

"Sista, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Miezi mitatu."

Nilijikaza kisabuni nikisubiri matusi. Hayakuja. Aliniuliza tu, "Wagonjwa wangapi?"

Kazi yangu ni kuhesabu. "Thelathini na mmoja."

"Tuwatafute wote."

Hakushika kisu tena. Wiki zake za mwisho kazini tuliwaita mmoja mmoja, yeye anawapima, mimi naandika. Tukapita thelathini, wote wazima, nikaanza kupumua. Wa mwisho alikuwa mzee mmoja fundi bomba. Alipofungua shati tuliona ngiri ya kitovu imerudi, kubwa kuliko mwanzo. Alikuwa ameacha kazi, akidhani uzee umemfikia.

Profesa akavuta kiti akakaa mbele yake. "Mzee wangu, si uzee. Nilikushona vibaya. Mkono wangu ulikuwa mgonjwa na mimi sikujua. Nisamehe."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. Profesa hakugeuka kunitazama. Alisubiri tu.

"Mimi nilijua," nikasema. "Nilikuwepo, nikaona mkono unatetemeka, nikanyamaza."

Mzee akaanza kufunga vifungo vya shati lake, macho yake yako kwangu.

"Mwanangu," akasema, "na mimi nilikuwa nimelala pale, wewe ndiye uliyekuwa macho."