Chai ya Rangi ya Baba

"Hiyo kalsiamu unasema inakuza moyo, si ndiyo iko kwa maziwa?"

Baba aliniuliza hivyo jikoni kwetu Githongo, kikombe mkononi. Presha ya miaka mingi ilikuwa imeupanua moyo wake. Mimi nilikuwa nasomea biolojia chuoni Embu, na nilikuwa nimetoka kumweleza nilichosikia darasani, kwamba kalsiamu ndiyo huziambia seli za moyo zinenepe.

"Sijui, Baba," nilimjibu.

"Ai! Watu wa chuo," akacheka. "Kuuliza mnajua, mkiulizwa mnakuwa bubu." Kisha akaimwaga chai yake ya maziwa kwenye bakuli la paka.

Tangu siku hiyo alikamua ng'ombe kila asubuhi bila kuonja maziwa. Kwetu chai ya rangi hupewa mgeni asiyetakiwa, lakini Mama alimchemshia hiyo katika sufuria yake ndogo. Dawa alimeza, maziwa akayakataa, hadi tulipomzika.

Siamini mizimu. Hata hivyo, kila nikirudi nyumbani, Mama bado huweka sufuria mbili motoni, na ile ndogo inapoanza kutokota sote wawili hutazama mlangoni. Hakuna anayeinywa chai hiyo.

Nilikuwa nimeshaanza kufundisha nilipopata jibu. Kalsiamu inayouamrisha moyo unenepe hutoka hasa katika ghala zilizo ndani ya seli za moyo wenyewe, presha inapoulemea. Kikombe cha maziwa hakiiongezi.