Koti la Kijivu la Kilburn

Shida zangu zilianza mwaka 1968, nikiwa na miaka ishirini na sita. Kenya walitaka vibali vya kazi; mimi Mhindi wa Mombasa nilikuwa na pasi ya Kiingereza na elimu ya darasa la tatu, basi. Nikafunga cherehani yangu ya mkono ndani ya blanketi nikaja London na mke wangu, mja mzito.

Vyumba mtaa wa Kilburn vilikuwepo, ila mlango ukifunguliwa, wakituona sura, chumba kimeshachukuliwa. Mmoja tu alitukaribisha, bibi wa Kiingereza aliyepita themanini, akiishi peke yake. Alitaka fundi. Tukae chumba cha juu, mradi nimtunzie koti moja.

Koti lenyewe lilikuwa kwenye chumba cha kulia chakula, limevishwa kiti, mbele yake sahani. Sufu ya kijivu, vifungo vya shaba, kiwiko kimechanika.

"La mjomba wangu," alisema. "Alikwenda Amerika kupigana upande wa Kusini."

Vita hivyo sikuvijua. Akanieleza bila haya: watu wa Kusini walitaka kubaki na watumwa wao, wakapigana na Kaskazini. Ukoo wake hapa London waliuza vitambaa, na pamba yao ilitoka Kusini, kwa hiyo wakawa upande huo. Wanawake wa nyumba walifuma soksi na kushona mashati ya askari. Koti lile alilishona mama yake, akiwa bado msichana.

Babu wa babu yangu aliuza merikani, kitambaa cha pamba kutoka Amerika, huko Mombasa, na walionunua majora kwa majora walikuwa wenye misafara ya kwenda bara kukamata watu. Kwetu hilo halisemwi. Kwake liliwekewa sahani.

Nikashona kiwiko. Wiki ya pili kimechanika tena, palepale, uzi umekatika kama mkono umekuwa ukikunjwa na kukunjuliwa ndani. Nikapitisha kiganja kwapani. Pana joto, na unyevu. Bibi asingeweza kulivaa. Baridi yabisi ilimkunja vidole hata kikombe nilimshikia mimi.

Mke wangu alicheka, cheko la hofu. "Mombasa ulikuwa ukishonea mabwana harusi, leo unashonea maiti. Hongera, fundi."

"Maiti huyo ndiye anayetulaza ndani. Nyamaza."

"Mimi sizai chini ya paa moja naye. Afadhali nizalie kituo cha basi."

Basi nikaketi mezani mchana kweupe, bibi akitazama, nikafumua bitana. Ndani, upande wa moyo, nikakuta nywele za mwanamke zimesukwa na kushonewa kwa mishono midogo midogo. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa. Nywele zikifichwa kwenye nguo, mwenye nguo amefungwa. Nikasoma Ayatul Kursi, nikakata uzi, nikaziweka mbele ya bibi.

"Nywele za mama yangu," alisema. "Alizishona ili kaka yake arudi."

"Alirudi?"

"Aliuawa huko. Koti likaletwa. Kisha na yeye akaja."

Koti nilikuwa nimelirudisha kitini. Mabega yake yakabonyea taratibu, kama gunia linalovuja. Ubao wa ukumbini ukalia, halafu wa karibu na mlango. Kutoka ngazini mke wangu akaita, "Nani huyo anayetoka? Mbona hafungi mlango?"

Nilikwenda kutazama. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, na barabarani hapakuwa na mtu.

Bibi hakupiga kelele. "Maisha yangu yote nimekula naye. Umemtoa. Sasa toka na wewe."

"Madam, mke wangu mja mzito."

"Na mimi nimebaki peke yangu, mshonaji."

Tulitoka jioni ileile. Singasinga mmoja tuliyejuana Kenya akatupa stoo nyuma ya duka lake Southall, kati ya magunia ya mchele, na humo binti yetu akazaliwa, mzima, ana sauti ya kuudhi. Watu huniuliza kama ningefanya tena, na kuipoteza nyumba. Ningefanya siku ya kwanza.

Leo nina nyumba Hounslow, imelipwa. Duka la kushona Southall. Cherehani tano za umeme. Gari, ingawa macho hayaniruhusu kuliendesha. Kaburi la mke wangu, na nafasi yangu pembeni yake.