Nilichoitikia Wodini Muleba

Niliondoka Kapsabet kwa sababu hospitali za kwetu Kenya zilikuwa kwenye mgomo, na chuo chetu cha uuguzi hakikutaka tukae nyumbani miezi bila kuona mgonjwa. Mwalimu mmoja aliyewahi kufanya kazi ng'ambo ya ziwa akanitafutia nafasi ya kujitolea kwa wiki sita katika hospitali moja wilayani Muleba, Tanzania. Barua ya kunikubali ilisema wazi kwamba nitatazama tu. Sitashika dawa, wala sitamgusa mgonjwa bila kuelekezwa.

Basi la kupitia Kampala lilinifikisha mpakani Mutukula asubuhi ya siku ya pili, na kufikia saa nane mchana nilikuwa Bukoba. Mvua ilikuwa ikinyesha. Ziwa, ambalo nilikuwa nimelingoja njia nzima, lilikuwa kijivu na halikuonekana lilipoishia. Nililala mtaa wa Kashai kwa rafiki wa mwalimu wangu, Mama Justina, ambaye alinipikia ndizi na maharage na kunitahadharisha kwamba wazee wa vijijini wangesema nami Kihaya. Nikamuuliza nitafanyaje. Akacheka, akaniambia niitike tu kwa heshima, "Eee, waitu," nao watafurahi.

Jumatatu nilifika Muleba. Sista Redempta, mkuu wa wodi ya wanawake, alikuwa na wauguzi wawili kwa vitanda vyote vile, na hakuwa na nafasi ya kunifundisha. Alinipa kiti kati ya kitanda cha tano na cha sita, akaniambia nitazame na kuandika.

Kitanda cha sita kilikuwa cha Bibi Leokadia, mkulima wa kijiji cha Kanazi. Alikuwa ameteleza shambani akipunguza majani ya migomba, akavunjika nyonga, na sasa alikuwa ameshafanyiwa upasuaji. Binti yake Adventina, aliyeolewa Muleba, alimletea uji asubuhi, akaenda kuuza dagaa sokoni, akarudi jioni. Mchana kutwa Bibi alibaki na mimi. Aliongea kwa Kihaya. Wakati mwingine alichora kitu hewani kwa kidole, wakati mwingine alitokwa na machozi, akayafuta kwa ncha ya kanga na kuendelea. Nami nilitikisa kichwa na kusema, "Eee, waitu." Alinipapasa mkono. Wagonjwa wengine wakaanza kunisifu kwamba nimejua Kihaya upesi.

Alhamisi ya wiki ya pili Adventina hakuwepo. Alikuwa amekwenda visiwani kununua dagaa kwa wavuvi. Kama saa tisa alasiri Bibi alinishika mkono, akaupeleka chini ya blanketi hadi kwenye shavu la mguu wake. Palikuwa na joto, pamekaza. Akasema maneno fulani, kisha akayarudia polepole akinitazama usoni.

Niliitika kama siku zote. Nilidhani anataka nimkande, nikamkanda, naye akafumba macho. Sista Redempta alipita mara mbili karibu yetu. Mama wa kitanda cha tano, ambaye angeweza kunitafsiria, alikuwa amelala. Sikumwamsha. Niliona aibu kukiri kwamba siku zote zile nilikuwa nikiitikia nisichokielewa.

Ijumaa asubuhi Adventina alikuwa amerudi, akimimina uji Bibi alipoanza kutafuta pumzi. Sista Redempta alikuja mbio, daktari akafuata, na kabla uji haujapoa alikuwa amekufa. Daktari alisema huenda damu iliganda mguuni ikapanda hadi mapafuni. Akauliza kama mgonjwa alikuwa amelalamika mguu. Wauguzi wakasema hapana.

Nilimfuata Sista Redempta kwenye chumba cha mashuka, nikamweleza. Akaniuliza Bibi alisema nini hasa. Nikayatamka yale maneno nilivyoweza.

"Alikuambia mguu unavimba na unamchoma," akasema. "Alikuomba uniite. Labda alikaa akinisubiri."

Hakunigombeza. Alisema ugonjwa huo huwachukua hata waliowahiwa. Kisha akasema, "Lakini tungejaribu," akaenda kumwambia daktari na kuyaandika kwenye faili.

Jumamosi nilikwenda Kanazi mazikoni. Kaburi lilikuwa limechimbwa nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, na udongo ulikuwa mzito kwa mvua. Ndani ya nyumba walikuwa wametandaza nyasi mpya. Mwanamke mmoja alinipa punje za kahawa za kutafuna, kama ilivyo desturi ya huko, akanishukuru. Wengine nao wakanishukuru. Adventina alikuwa amewaambia kuhusu mwanafunzi wa Kenya aliyekaa na mama yao kila siku na kumsikiliza kwa lugha yake.

Sikuweza kutafuna. Nilimwomba Adventina tutoke, tukasimama upande wa jikoni. Nikamweleza habari za mguu, na zile za kabla yake.

"Siku zote ulikuwa unaitika tu?" akauliza.

"Siku zote."

Alitazama wachimbaji wakisawazisha udongo.

"Kila jioni aliniambia, leo nimemweleza yule mtoto habari za baba yako. Baba alikufa mimi nikiwa mchanga. Mama hakuwahi kunieleza hata neno. Nilikuwa nangoja msiba uishe, nije unieleze alisema nini."

Nilimwomba msamaha. Alisema amesikia, akarudi ndani kuwahudumia watu.

Nilimaliza wiki zangu zilizobaki. Mama wa kitanda cha tano alinifundisha kusema "sielewi" kwa Kihaya, na nililitumia neno hilo mara nyingi kwa siku, mbele ya yeyote. Wengine walicheka, wengine walichoka nami, na Sista Redempta aliitwa kuja kunitafsiria hata kwa mambo madogo. Alikuja.

Sasa nipo Kapsabet, nafanya kazi wodini. Wapo wanaoniambia Bibi Leokadia angekufa hata hivyo, nami sibishani nao. Lakini habari za mumewe alimsimulia mtu mmoja tu, akalia alipozisimulia. Mtu huyo ni mimi, na sizijui.