Herufi Tatu Nyuma ya Picha

Wakati wa vita vya pili kwetu Bukavu, studio yangu ya picha ilikuwa mtaa wa Kadutu, kwenye mteremko: chumba kimoja, pazia la buluu, benchi na vitrini ndogo ya kioo ya kuonyeshea picha, iliyotazama barabara. Kazi kubwa ilikuwa picha za vitambulisho, maana kila aliyekuja kuushika mji alitaka tuwe na vitambulisho vyake. Filamu zilivuka mpaka wa mto Ruzizi zikiwa ghali, kwa hiyo sikubonyeza kabla ya kufikiri.

Mteja wa maana nilikuwa naye mmoja tu, mwimbaji, mama wa makamo kama mimi. Aliimba Jumapili mchana katika ukumbi wa parokia, kwa sababu jioni ilitukuta sote tumejifungia majumbani. Picha za afishi zake, mabango ya kutangaza maonyesho, nilizipiga mimi.

Kazi nilijifunza peke yangu, katika kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada nilichokipata sokoni. Kitabu hicho kilinifundisha jambo ambalo wenzangu walilicheka: picha haina bei moja. Ya kutundika sebuleni ni rahisi. Ya afishi inapanda. Ya jalada la kaseti inapita zote, kwa kuwa kila kaseti inayotoka inatembea na kazi yangu. Mteja analipia matumizi, na matumizi mapya yana bei mpya. Ili jambo hilo lisisahaulike, nyuma ya kila picha nilipiga muhuri. Maneno yake niliyatunga kwa msaada wa vitabu vya Tanzania, na usafi wa Kiswahili chake ulinifurahisha: «Mteja hatauza picha hii kwa mtu mwingine.»

Mwimbaji aliusoma muhuri, akaitikia kwa kichwa, akalipia picha ya afishi.

Miezi michache baadaye nilikuwa naelekea Kavumu kupiga picha za harusi. Kwenye kizuizi cha barabarani, juu ya kiti cha askari, nikaona kalenda ya mfanyabiashara wa sabuni. Mwimbaji wangu alikuwa akitabasamu juu ya miezi yote kumi na miwili, na mwanga uliomwangukia shavuni ulikuwa wa dirisha langu.

«Papa, unaangalia nini?» askari akauliza. «Huyu haiko bibi yako.»

«Picha ndiyo yangu, chef.»

«Ata mwenye alipita mbele yako alisema vile.»

Harusi niliipiga nikiwaza mengine. Mwimbaji alikuwa karibu kurekodi kaseti. Nikigombana naye, nimempoteza mteja anayelipa kodi ya studio. Nikinyamaza, bei zangu zote ni hadithi tu, na kesho kila mtu atafanya kama yeye. Kesho yake nikapanda hadi Kasha, kwake.

«Maman, ule muhuri uliusoma?»

«Niliusoma, papa. ‹Hatauza kwa mutu mwingine.› Na sikuuza. Tangu siku ile picha zangu zote nilizipigisha kwako.»

«Na ile ya kalenda ya sabuni?»

«Ile? Ile sikuuza. Ile niliuzisha.»

Nikaketi. Kwetu Bukavu anayetoa pesa ndiye anayeuza, na anayetoa bidhaa anauzisha. Muhuri wangu safi ulikuwa umemkataza kununua picha yake kwa mpiga picha mwingine, naye alitii.

«Ukienda sokoni unasemaka nini?» akaendelea. «‹Nakwenda kuuza samaki ya sambaza.› Sasa Kiswahili ya Tanzania unaitia mugongo ya picha ya nini?»

Yeye alikuwa na swali lingine.

«Ile picha yangu mukubwa yenye iko ku vitrini yako, unalipaka ngapi?»

«Ile ni ya studio.»

«Inakuitiaka batu ao hapana?»

Nilikitafuta kitabu changu kichwani, nikakuta kiko upande wake. Picha inayoita wateja ni tangazo, na tangazo lina bei, hata la kwangu.

«Inaniitia,» nikasema.

«Basi kalenda na vitrini bisalimiane, biachane, hakuna deni. Ya kaseti nitalipa yote, bila kukupunguza. Lakini kwanza ule muhuri useme kitu yenye mama yangu anaweza kusikia.»

Tukashuka pamoja Nyawera, kwa mchonga mihuri. Aliugeuza muhuri wangu mara mbili, akasema mpira haurefushwi: lazima achonge mstari mzima upya, na yeye hutoza kwa herufi. Nikamwandikia neno jipya, «hatauzisha». Mwimbaji akalilinganisha na la zamani, kidole kikitembea juu ya mpira.

«Zimeongezeka tatu,» akasema akifungua kitambaa chake cha pesa. «Izo tatu nitalipa miye. Zingine lipa weye na Tanzania yako.»