Viatu vya Kulalia vya Yanina

Wifi yangu Nimia ana mdomo, na hilo halifichiki. Anauza chipa kwenye kona ya barabara kuu, mikate yetu ya unga wa muhogo na jibini, kikapu kichwani. Dereva akimtania kwamba chipa yake imelala, humjibu, "Iliyolala ni akili yako, chipa imetoka tanurini sasa hivi." Nimekaa naye ua mmoja miaka tisa tangu kaka yangu amwoe, na kaka alipokwenda Buenos Aires kujenga maghorofa ya watu tukabaki sisi wawili. Sijawahi kumwona akiomba kitu kwa mtu. Chumvi ikiisha, anakula bila chumvi.

Kwa hiyo binti yake Yanina alipozaliwa nyayo zote mbili zimegeukia ndani, Nimia alipata aibu mbili kwa mpigo. Ya kwanza niiache. Ya pili ni kwamba kituo cha watoto kule mjini kinaendeshwa kwa michango ya watu wema, na matibabu ni bure. Neno hilo bure lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Siku ya kwanza aliwapelekea chipa hamsini, na ya pili hivyo hivyo, mpaka Perla, binti anayewanyoosha watoto viungo, akacheka, akimwita ña, yaani bibi, kwa heshima.

"Ña Nimia, utatunenepesha. Sisi tunataka kitu kimoja tu kwako: ufanye tunayokwambia."

Tukafanya. Kila wiki plasta mpya ya jasi kwenye vile vimiguu, kila wiki nyayo zinanyooka kidogo, mpaka zikanyooka kabisa. Kisha don Catalino, mzee aliyekuwa fundi wa matandiko ya farasi kabla kituo hakijamchukua, akamshonea mtoto viatu viwili vya ngozi vilivyounganishwa kwa chuma. Miezi mitatu ya kwanza mtoto alivivaa kutwa kucha, na baada ya hapo vikawa vya kulalia tu.

"Mpaka atimize miaka minne," don Catalino alituambia. "Hata akianza kukimbia, asilale bila viatu hivi. Miguu hii haisahau. Ukiiachia, inarudi ilikotoka."

Alituambia sote wawili. Nilikuwepo, na masikio yangu yalikuwa mazima.

Sasa, wakati wa zile plasta Nimia alikuwa amemwekea Bikira Maria nadhiri: mtoto akitembea, atapanda kilimani penye kanisa lake siku ya sikukuu yake na kumpelekea kitu cha ugonjwa. Ndiyo desturi yetu. Aliyepona mguu huacha gongo lake, aliyepona homa hukata nywele zake akaziacha, na chumba cha pembeni ya kanisa kimejaa vitu hivyo mpaka darini. Ukishakiacha kile kitu, ugonjwa umekwisha. Ukiking'ang'ania nyumbani, ni kama kumwambia Bikira kwamba humwamini.

Yanina alitembea, na alipofika miaka miwili alikuwa akiwakimbiza bata uani mpaka bata wanaomba poo. Lakini kila alipofungwa vile viatu alilia, na dirisha langu linatazamana na lao. Ilipokaribia sikukuu nikashindwa kuvumilia.

"Wifi, mtoto anakimbia hivi, na wewe bado unamtia pingu? Unataka Bikira afanye nini tena, aje akwambie kwa mdomo wake?"

"Don Catalino kasema mpaka miaka minne."

"Don Catalino ni mshonaji wa matandiko ya farasi. Nadhiri aliiweka yeye?"

 Ningeishia hapo, lakini mimi nikianza siishii. Nikamwambia, "Au unawaogopa watu wa kituo kuliko unavyomwogopa Mungu?" Nilijua pa kubonyeza. Mtu asiyependa kupewa vya bure, umwambie kwamba waliompa ndio wenye kumtawala, hatavumilia.

Tarehe nane Desemba tulipanda kilima. Kipande cha mwisho Nimia alikipanda kwa magoti, Yanina akitangulia kwa miguu yake mwenyewe, na watu wakampigia makofi. Viatu vikatundikwa kwenye msumari. Nililia kwa furaha, na nikala chipa nne njiani tukishuka.

Baada ya hapo ukaja uongo. Mara tatu tulikwenda kituoni mtoto kukaguliwa, na mara tatu Perla aliuliza, "Viatu anavivaa?"

"Kila anapolala."

Mimi nilikuwa kando yake na chupa yangu ya tereré, chai yetu ya baridi inayofyonzwa kwa mrija, nikitikisa kichwa kuunga mkono, shahidi ambaye hakuitwa.

Ilipofika Agosti kisigino cha Yanina kilikuwa hakigusi sakafu vizuri, na unyayo wa kushoto ulikuwa umeanza kutazama ndani. Perla aliushika mguu ule, akaugeuza huku na huku, kisha akamwita don Catalino. Mzee akapima, akapima tena, akavua miwani.

"Kosa hili ni langu," akasema. "Labda chuma nilikikata kifupi. Macho yangu si yale ya zamani. Nisamehe, ña Nimia. Nileteeni vile viatu nivitazame, maana nimewashonea na watoto wengine kwa kipimo kile kile."

Perla akasema basi itabidi watoto hao wote waitwe, na kazi ya mzee isimame kwanza mpaka ijulikane. Don Catalino aliitikia kwa kichwa kama mtoto aliyegombezwa. Nimia alitazama sakafu, shingo yote imemwiva.

"Nitavileta kesho," alisema.

 Asubuhi hakuoka chipa. Alishika njia ya kilimani, mimi nyuma yake. Kwenye kile chumba alivitambua viatu vya mwanawe mara moja. Halafu akasimama tu, akitazama ukuta.

"Wifi, njoo uone."

Kulikuwa na jozi nyingine saba. Vingine vidogo vya kuingia kiganjani, vyote vina chuma katikati, vyote vimeshonwa kwa ule mshono wa matandiko ya farasi. Siku ya sikukuu, kwa machozi ya furaha, hatukuviona.

"Sote tumemdanganya mzee yule," Nimia alisema. "Na yeye ndiye anayeomba radhi."

Aliposhusha viatu vya Yanina, mama mlinzi wa kanisa akaja mbio. "Weee, mama! Cha Bikira hakirudishwi!"

Nimia hakubishana naye, yeye mwenye mdomo ule. Alivua makubadhi yake, akayatundika kwenye msumari ule ule. "Achukue haya," alisema. "Haya ndiyo yangu." Akashuka kilima chote peku, kwenye mawe ya baridi ya Agosti, na mimi nyuma yake na viatu vyangu miguuni.

Kituoni aliviweka viatu mezani mbele ya don Catalino. Visingemtosha Yanina tena.

"Chuma chako hakina kosa, don Catalino. Havijavaliwa tangu Desemba. Nilivitundika kwa Bikira, nikakudanganya, na jana ukaniomba radhi nami nikanyamaza. Na kule kilimani kuna jozi nyingine saba."

"Saba?" mzee aliuliza, akaketi. Alifuta vumbi lililokuwa juu ya ngozi kwa mkono wa shati lake, taratibu, asimtazame mtu.

Perla hakufoka, na heri angefoka. Alivuta kiti karibu. "Ña Nimia, wala sikulaumu. Nataka kujua akina mama wanaambiwa nini huko nyumbani, ili nijue pa kuanzia. Nani alikwambia uviache?"

 Nilijua anachopaswa kusema, na nilijua ninachopaswa kusema mimi kabla yake. Nimia hakugeuza hata jicho upande wangu.

"Hakuna mtu," alisema. "Ni mimi mwenyewe."

Nami, niliyekuwa na maneno yote yale uani, nikafungua chupa yangu, nikajimiminia tereré, nikanywa. Nina aibu ya mambo mengi, lakini hakuna inayonichoma kama ule mfyonzo mmoja.

Plasta zikaanza upya siku ile ile. Safari hii Yanina si mtoto mchanga, ana miaka miwili na nusu na ushee, anajua anachofanyiwa. Aliona mguu unapotea ndani ya vitambaa vyeupe, akaanza kulia.

"Mama, nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu, mama. Ni mimi."

Perla aliinua macho akatutazama sote wawili, kisha akainamia kazi yake. Mtoto alipoona mama yake hamsaidii, alininyooshea mikono mimi.

"Shangazi, waambie! Waambie!"

Nikamshika mikono. Sikuwaambia.